Grupu ya gazi Kavumu: bomba liko wapi?

Kavumu, teritware ya Kabare. Katika avenyu moja nyuma ya soko, nyumba moja imegawanyika kwa sababu ya mashini. Baba anataka kununua grupu. Mama anasema pesa hiyo inunue plake ya jua na betri. Kaka wa mama, aliyefika Marekani miaka michache iliyopita akitokea kambi ya wakimbizi, naye ametuma sauti kwenye WhatsApp: «Shemeji, usinunue ile ya esanse. Nunua ya gazi. Huku jirani yangu anayo. Umeme ukikatika inawaka yenyewe, hubebi bido, husikii harufu.»

Ndani ya nyumba hiyo wanalala watu 13. Saba ni wa nyumba, sita ni familia iliyokimbia vita na kupokelewa hapo. Simu zinazotafuta chaji kila jioni ni sita, watoto wenye madaftari ni watano, na redio ni moja. Pesa ya mashini ipo kwa kazi moja tu. Ikinunua kitu kisichofaa, hakuna ya kurudia mwaka huu. Ndiyo maana swali la «mashini gani?» halipaswi kujibiwa na muuzaji wa duka la Bukavu peke yake, wala na shemeji aliye mbali, hata kama ndiye anayetuma pesa.

Ushauri wa shemeji si uongo. Huko aliko ni ushauri mzuri, lakini kwa Kavumu haufai, na sababu zake zinaeleweka bila kwenda shule ya ufundi.

Jirani yake wa Marekani hanunui gazi dukani. Chini ya barabara yake kuna bomba, na ndani ya bomba kuna gazi asilia, ambayo sehemu yake kubwa ni metani. Bomba linaingia kwake kama vile bomba la maji linavyoingia katika nyumba za mjini. Mwisho wa mwezi anapata fakitire. Mashini yake imekaa nje juu ya saruji, na pembeni kuna swichi inayoangalia umeme wa mji. Umeme ukikatika, swichi inatenga nyumba na waya wa mji, inaamsha mota, na baada ya sekunde chache taa zinarudi. Mwenye nyumba anaweza kuwa amelala. Mashini ya namna hiyo haina tangi, kwa sababu tangi lake ni bomba lile.

Hata huko bomba si Mungu. Februari 2021, katika jimbo la Texas, baridi kali iligandisha visima na mitambo ya gazi, umeme ukakatika kwa mamilioni ya watu, na gazi yenyewe ikapungua wakati ule ule ilipohitajika zaidi. Watu wakaingiza majenereta ndani ya nyumba, wengine wakawasha magari ndani ya gareji ili wapate joto. Wengi walipelekwa hospitali kwa sumu ya hewa na wengine walikufa, watoto wakiwemo. Hiyo ni Texas, nchi ya mafuta na gazi.

Kavumu haina bomba. Bukavu haina. Ukitoka Miti hadi Katana, ukachimba barabara yote ya taifa namba 2, utakuta mawe na mabomba ya maji yaliyopasuka, lakini hutakuta bomba la gazi la nyumbani. Kwa hiyo grupu ya gazi asilia, iliyotengenezwa kula metani ya bomba, ikiletwa Kavumu itakuwa kama kununua mtumbwi kwa ajili ya kupanda Kahuzi.

Hapo ndipo uchungu unapoanza, kwa sababu metani yenyewe ipo karibu sana. Ukisimama mahali pa juu hapa Kavumu unaona ziwa. Chini ya maji ya Ziwa Kivu, ambalo kina chake kinafika mita 485, kumelala karibu kilomita za ujazo 60 za metani na kama 300 za gazi ya kaboni. Hazipandi juu zenyewe kwa sababu uzito wa maji umezikandamiza, kama gazi ndani ya chupa ya Primus iliyofungwa. Ukishusha bomba hadi mita mia tatu na zaidi, maji ya chini yanapanda, mgandamizo unapungua, mapovu yanatoka. Metani inatengwa, inaoshwa ili kuondoa gazi ya kaboni, kisha inapelekwa nchi kavu kuendesha mota kubwa.

Si ndoto. Ng'ambo ya Rwanda kiwanda cha bia cha Gisenyi kilianza kutumia gazi ya ziwa hili katika miaka ya 1960. Mtambo wa KivuWatt, karibu na Karongi, ulianza kuuza umeme mwishoni mwa mwaka 2015 na una megawati 26. Mtambo wa pili, wa Shema Power huko Rubavu, umepangwa kwa megawati 56. Ziwa ni lile lile. Mwaka 1975 Zaire na Rwanda zilikubaliana kwamba gazi hii ni ya nchi zote mbili. Julai 2022 serikali ya Kinshasa ilitangaza mabloki matatu ya gazi upande wa Kongo: Makelele, Idjwi na Lwandjofu. Mwanzoni mwa 2023 yakatajwa makampuni yaliyoshinda. Idjwi inaonekana kwa macho kutoka ufuko wa Kabare. Lakini mama anayeuza sambaza jioni sokoni Kavumu bado anamulika samaki wake kwa tochi ya simu.

Kuna wanaosema gazi ya ziwa iachwe kwa sababu ni hatari. Hatari ipo. Agosti 1986 ziwa Nyos huko Cameroon lilitoa gazi ya kaboni usiku mmoja, na watu zaidi ya 1,700 walikufa wamelala. Ziwa Kivu ni kubwa mara nyingi kuliko Nyos, na pembeni yake wanaishi watu karibu milioni mbili. Lakini hatari hiyo inazidi gazi inapoendelea kujikusanya. Kuitoa kwa utaratibu, na kurudisha maji kwenye kina kinachofaa, ni njia mojawapo ya kuipunguza. Hoja ya hatari inadai kazi hiyo ifanywe na watu wanaoijua. Haidai kukaa na kuangalia.

Hata siku gazi ya upande huu itakapotolewa, haitafika jikoni mwa mtu kwa bomba. Itafika kama umeme kwenye waya, kama inavyofanyika ng'ambo. Kwa hiyo anayeota grupu ya nyumbani inayokula metani ya Ziwa Kivu anaota kitu ambacho hata Karongi hakipo.

Sasa muuzaji wa Bukavu atajibu: «Papa, hii haihitaji bomba. Inakula bonboni.» Anasema kweli nusu. Zipo grupu za namna mbili, zinazokubali esanse na pia gazi ya bonboni ya jikoni. Lakini gazi ya bonboni si metani. Ni propani na butani, gazi nyingine zenye nguvu nyingine, na mashini iliyofungwa kwa ajili ya bomba la Marekani haikubali bonboni mpaka fundi abadilishe matundu na regileta. Muuzaji akisema «gazi ni gazi», mtu aondoke katika duka hilo.

Halafu ije hesabu, na hapa mama wa nyumba ile alikuwa sawa kuliko wanaume wote wawili. Kilo moja ya gazi ya bonboni ina nguvu ya karibu kilowati-saa 12.8. Grupu ndogo inageuza kama sehemu moja ya tano tu kuwa umeme. Nyingine inapotea kuwa joto, moshi na makelele. Bonboni ya kilo 12 itatoa basi kilowati-saa 30 hivi, tena mashini ikiwa nzima na ikiwa na kazi ya kutosha. Ukiwasha masaa matano kila usiku kwa kazi ya kilowati moja, bonboni inaisha siku ya sita. Bonboni hiyo hiyo ikiwekwa jikoni inapikia familia ya kawaida wiki tatu au nne. Nusu ya nguvu yake inaingia kwenye sufuria, na makala ya wiki hizo hayanunuliwi. Wakaaji wa Kavumu wanajua makala mengi yanatoka upande gani. Yanatoka upande wa msitu, na si yote yanatoka nje ya mipaka ya mbuga ya Kahuzi-Biega.

Aliyebahatika kupata bonboni, apikie. Kuichoma ndani ya grupu ili kuwasha taa nne ni kama kuuza ng'ombe ili kununua maziwa.

Kuna jambo jingine ambalo familia zinazolaza wageni chini zinapaswa kulisikia. Metani ni nyepesi kuliko hewa. Ikivuja, inapanda na kutafuta dirisha. Propani na butani ni nzito kuliko hewa. Zikivuja zinatambaa sakafuni, zinajaa chini ya kitanda, zinalala pale pale penye mkeka wa watoto. Watu waliotoka Goma na Sake hawahitaji maelezo marefu, kwa kuwa wanaijua mazuku, gazi ya kaboni inayokaa mabondeni na kuua mbuzi, wakati mwingine mtoto, bila mtu kuona kitu. Gazi ya bonboni ina tabia ile ile ya kukaa chini, na zaidi ya mazuku inashika moto. Bonboni inakaa nje au penye hewa, wima, mbali na jiko la makala. Kutafuta mahali inapovuja ni kwa povu la sabuni. Kibiriti hapana, hata kama «fundi» ndiye anayekishika.

Basi tuseme gazi imetoka. Inabaki grupu ya esanse, ambayo wengi wanaijua, na ambayo wengi wanaichagua vibaya kwa kuangalia namba iliyoandikwa kwenye sanduku.

Namba hiyo ni ya pwani. Mota inahitaji hewa, na hewa ya Kavumu ni nyembamba. Uwanja wa ndege uko kwenye mita 1,700 na zaidi juu ya bahari. Mota ya kawaida inapoteza kama sehemu 3 kwa mia katika kila mita 300 za kupanda. Grupu iliyoandikwa wati 3,000 itafika hapa ikiwa na wati 2,500 tu hivi. Ukiilisha gazi ya bonboni inashuka tena, iwe karibu wati 2,200. Wachina au Wahindi waliotengeneza hawakudanganya, ila hawakupimia Bugorhe. Mtu akinunua mashini inayotosha kabisa kwa karatasi, hapa haitatosha. Atasikia mota inakohoa siku ile friji itakapotaka kuanza.

Friji ni mtego wa peke yake. Ikiwa inatembea inakula wati 100 au 150 tu, na mtu anafikiri grupu ya wati 500 inaitosha. Lakini katika sekunde ya kuanza inavuta mara tatu, hata mara tano. Pasi inakula wati elfu moja. Mashini ya kusaga muhogo haifai hata kutajwa kwenye grupu ya nyumbani. Kwa upande wa pili, taa ya LED ni wati 5, simu inachaji kwa wati 5 hadi 10, redio ni kidogo kabisa, na televisheni ndogo ya kisasa ni 40 au 50. Ukijumlisha mahitaji ya kweli ya nyumba ile ya watu 13, wakiwasha televisheni pamoja na vyote, hayafiki wati 150 kwa wakati mmoja.

Grupu ndogo kabisa ya sokoni ni kubwa mara nne au tano kuliko kazi hiyo, na mota haijali. Ikipewa kazi ndogo bado inakunywa. Nusu lita kwa saa, masaa manne kila jioni, ni lita 2. Kwa mwezi ni lita 60. Msomaji achukue bei ya leo ya kadafi aliye karibu naye, azidishe mara 60, kisha ajiulize kama hiyo si karo ya mtoto. Na bado hajanunua mafuta ya mota na buji, wala hajasahau esanse iliyochanganywa na petroli ya taa. Aliyenunua kwenye chupa pembeni ya barabara anajua mashini inavyotoa moshi mweupe siku ya tatu.

Esanse lazima ilale mahali. Katika nyumba yenye chumba kimoja cha ziada, na chumba hicho kimepewa wageni waliohama, bido inalala wapi? Jibu la nyumba nyingi ni chini ya kitanda. Hilo peke yake lingetosha kufunga mjadala.

Lakini kuna makelele pia, na makelele ya Kavumu si sawa na makelele ya mahali pengine. Tangu Februari 2025, vita vilipofika uwanja wa ndege na kisha Bukavu, watu wamejifunza kusikiliza usiku. Grupu inayonguruma saa mbili usiku inatangaza kwa avenyu nzima kwamba hapa kuna pesa ya esanse, kuna televisheni, labda kuna simu nzuri. Pia inafunika sauti. Aliye ndani hasikii mbwa wa jirani, hasikii hatua nyuma ya ukuta. Mzee mmoja aliyehama kutoka upande wa Kalehe aliliweka hivi: «Kule kwetu tuliizima grupu kabla ya vita kufika. Tulitaka kusikia.» Wauzaji wa majenereta hawaandiki jambo hilo kwenye karatasi zao, lakini kwa familia nyingi za hapa ndilo la kwanza.

Wengine, kwa kuogopa wezi, wanaiingiza grupu ndani. Hili halina mjadala. Moshi wa mota una monoksidi ya kaboni. Haina rangi, haina harufu, na inashika damu zaidi ya mara 200 kuliko hewa safi inavyoishika. Anayevuta anaumwa kichwa, anasikia usingizi, analala, haamki. Korido ni ndani. Jikoni lenye mlango wazi ni ndani, na baraza lililozungushiwa shitingi ni ndani pia. Mashini ikae nje kabisa, angalau mita sita kutoka dirishani, moshi ukielekea pasipo na nyumba ya mtu. Asiyekuwa na mita sita za kiwanja hana nafasi ya grupu, hata akiwa na pesa yake. Wenye viwanja vidogo vilivyojaa familia mbili au tatu wasikilize hapo. Mlango wako unaweza kuwa salama na moshi ukaingia kwa wageni wako.

Kwa nyumba zenye waya wa SNEL kuna kosa jingine, la kuunganisha grupu kwenye prize ya ukutani ili taa zote ziwake. Umeme wa grupu unatoka kwa njia hiyo hiyo kwenda kwenye waya wa barabarani. Fundi aliyepanda nguzo akijua hakuna umeme anakutana nao. Swichi ya kubadilisha, ile mafundi wanaiita inverseri, inatenga pande mbili. Haina bei ya kutisha. Asiyeweza kuinunua atumie raloji kutoka kwenye grupu moja kwa moja hadi kwenye taa, asiguse ukuta.

Sasa plake ya jua. Isisifiwe kupita kiasi. Kavumu ina mvua kuanzia Septemba hadi Mei, na ukungu wa Kahuzi hausomi matangazo ya biashara. Lakini plake ya wati 100, ikiwa kweli ni ya wati 100, itatoa wastani wa wati-saa 300 hadi 400 kwa siku. Taa nne za wati 5 kwa masaa matano ni 100. Simu sita ni karibu 70. Redio kutwa ni 30. Televisheni masaa matatu ni 120. Jumla 320. Inaingia, kwa shida kidogo wiki za mvua, siku ambazo televisheni itapumzika na hakuna atakayekufa. Betri ya zamani ya asidi ya volti 12 na ampea-saa 100 ina wati-saa 1,200, lakini ukiitumia zaidi ya nusu kila usiku inakufa mapema. Inabaki 600, yaani karibu usiku mbili. Zile mpya za lithiamu zinavumilia kushushwa zaidi na zinaishi miaka mingi, ila bei yake inauma siku ya kununua.

Udanganyifu upo huku pia, labda kuliko kwenye grupu. Plake ya wati 100 ni kubwa, karibu mita moja kwa nusu mita na zaidi. Ile inayobebwa kwapani kama daftari na kuandikwa 100 si 100. Betri ya kweli ni nzito. Betri ya gari si betri ya nyumba, imetengenezwa kuamsha mota mara moja, si kushushwa kila usiku. Mnunuzi aombe muuzaji afungulie plake juani, apime kwa mita mbele yake. Muuzaji akikataa, jibu limepatikana.

Je, grupu haina kazi Kavumu? Inayo. Senta ya afya inayotumia mashini ya oksijeni ya wati 350 usiku wa mvua haiwezi kutegemea plake moja. Mwenye kinu, mchomeleaji, mwenye friza ya samaki, hao wana hesabu nyingine, kwa sababu mashini inawaletea pesa wakati inakunywa. Hata avenyu inaweza kununua grupu moja nzuri kwa kazi nzito na kuiweka kwa jirani mwenye kiwanja kipana na ukuta. Shida ya kushirikiana haiko kwenye mota, iko kwenye daftari. Nani alilipa esanse, nani alichomeka pasi usiku akidhani hakuna anayeona? Bila daftari na mtu mmoja wa kuaminiwa, mara nyingi akiwa mama, grupu ya avenyu inakufa kwa ugomvi kabla ya kufa kwa mota.

Yote haya yasiwe kisingizio kwa wanaopaswa kuleta umeme wa wote. Raia wa Kavumu wanafanya hesabu za betri kwa sababu wengine hawakufanya zao. Ruzizi I ilijengwa mwishoni mwa miaka ya 1950, wakati wa ukoloni, pale mto unapotoka ziwani Bukavu. Ruzizi II ilifuata mwaka 1989 na umeme wake unagawanywa na nchi tatu. Tangu hapo Bukavu imeongezeka watu mara nyingi, na mitambo ile ile inakabwa na chupa za plastiki ambazo mvua inazikusanya kutoka milimani na kuzitupa ziwani. Ruzizi III inazungumzwa kila mwaka. Mabloki ya gazi yana majina na ramani. Yeyote anayekusanya kodi sokoni Kavumu, leo au kesho, aulizwe maswali hayo mawili hadharani: turbini zinasafishwa na nani, na gazi ya upande huu imefikia wapi? Chupa za plastiki nazo, kila avenyu inaweza kujiuliza zinatoka kwa nani.

Nyumba ile ya nyuma ya soko imekwisha kuamua, angalau kwa sasa. Tangu benki za Bukavu zilipofunga milango, pesa nyingi za ndugu zinapita kwa simu, na ya shemeji imefika hivyo hivyo, ikipungua kidogo kwa ada ya mwenye kibanda. Baba atashuka Bukavu Alhamisi. Mama amemwandikia karatasi: plake wati 100 apime kwa mikono, betri ainyanyue kwanza, kidhibiti cha chaji asisahau, taa nne za LED na moja ya ziada kwa chumba cha wageni. Chini kabisa ameongeza, kwa herufi kubwa, asiingie kwenye duka la magrupu.